Marziya Katika Vioo vya Toronto

Saa nne kasoro asubuhi, Sughra aliingia kwenye lifti ya jengo la kaka yake huko Rexdale akiwa amevaa koti la kaka, soksi mbili mbili na glovu mbili za mkono wa kushoto, maana za kulia zilipotea tangu baridi ya mwaka jana. Ilikuwa siku yake ya kwanza kutoka nje tangu afike Toronto. Naqiya, binti wa kaka yake, alikuwa ameomba ruhusa kazini ili amtembeze mjini, na amepewa siku hiyo moja tu. Naqiya akabonyeza kitufe cha chini. Ukuta wa nyuma wa lifti ulikuwa kioo kizima. Ndani yake alionekana Naqiya, na kando yake, mahali pa Sughra, alisimama Marziya, dada yake mkubwa aliyebaki Tanga. Alikuwa na dera la nyumbani na kandambili, mikono imejaa unga wa dengu.

"Yule ni Fui Marziya," Naqiya alisema. Kwao shangazi huitwa fui.

"Ndiye. Na amekuja na dera, baridi yote hii."

Sughra alijua kosa ni lake. Miezi mitano nyuma walipeleka maombi ya viza pamoja, naye kwa furaha hakungoja majibu. Siku ileile alijifunga imamu zamini, akamfunga na dada yake: kitambaa cha kijani chenye sarafu ndani, ambacho msafiri wa kwao hufungwa mkono wa kulia anapotoka nyumbani. Hakifunguliwi mpaka afike aendako, ndipo ile sarafu itolewe sadaka. Kisha majibu yakaja. Sughra, mwenye mume, duka na watoto watatu, akapewa viza. Marziya akanyimwa, mara ya tatu sasa, kwa kuwa ofisi haikuona cha kumrudisha kwao: hana mume, hana mtoto, hana hata chumba chenye jina lake. Miaka kumi na moja aliyomuuguza baba yao haikuwa na mahali pa kujazwa kwenye fomu. Kitambaa kikabaki mkononi mwa Marziya, kwa sababu safari ilikwisha kuanza. Alioga nacho, akalala nacho, akakaanga kachori nacho.

Na sababu ya safari yenyewe ilikuwa Khatijabai, mama yao, aliyekuwa akiishi kwa kaka yao, mwenye miaka themanini na minne na moyo uliochoka. Daktari alimkataza kupanda ndege. Hakuwa amemshika Marziya mkono kwa miaka tisa. Sughra alipofika jana yake, kabla hata hajavua viatu, Mama alimuuliza, "Mwenzio yuko wapi?"

Lifti ilipofika chini, Sughra alimpigia dada yake simu.

"Niko jikoni," Marziya alisema, na kwenye kioo midomo yake ikacheza hivyohivyo. "Kioo cha kabati langu hakina mtu tangu ulipopanda ndege. Nyinyi nawaona vizuri. Hilo koti la nani?"

"La Kaka Baqir. Dada, turudi juu umwone Mama?"

"Si umesema dawa zinamlaza mpaka mchana? Mwacheni alale. Nitamwona jioni yenu, nikiwa nimeoga. Sasa nionyesheni mji, haraka, bando langu linaisha."

Bando liliisha wakiwa kwenye basi la kwenda stesheni ya Kipling, baada ya hapo wakaendelea kwa ishara. Haikuwa shida, kwa sababu Toronto ni mji wa vioo na Marziya hakukosa pa kukaa. Kwenye treni ya chini ya ardhi alikuwa dirishani, upande wa giza. Walipotokea katikati ya mji alipita juu ya vioo vya mabenki, ghorofa kwa ghorofa, kandambili zikimpiga visiginoni, akionyesha kila kitu kwa kidole: theluji iliyopangwa kandokando ya njia, mbwa aliyevalishwa viatu, mwanamume anayekula aiskrimu katika baridi ile. Sughra alicheka mpaka machozi yakamganda kwenye kope. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na hakukumbuka mara ya mwisho kutembea na dada yake bila mmoja wao kubeba kikapu.

Kwenye mnara mrefu, mlinzi aliwatazama wote watatu, akamwomba Marziya afute unga mikononi ili asichafue vioo. Marziya akajifuta kwenye dera. Huko juu kuna sehemu ya sakafu ambayo ni kioo, na chini yake ni mji wote. Sughra alisimama pembeni na kusema yeye ana presha. Marziya tayari alikuwa ndani ya sakafu, kalala kifudifudi juu ya barabara, reli na ziwa lililoganda ukingoni, anapiga miguu. Aligeuka akamwita kwa mkono. Sughra akavua viatu, ingawa hakuna aliyemwambia, akapanda juu ya kioo na kukaa kitako karibu na uso wa dada yake. Walikaa pale nusu saa wakitazama ziwa. Watoto waliwazunguka kwa adabu.

Kisha wakaenda kuteleza kwenye barafu mbele ya ukumbi wa jiji. Mashine ilikuwa imetoka tu kuilainisha, ikang'aa. Naqiya alimshika Sughra mikono miwili, naye akaenda hatua kwa hatua, akianguka kila mara na kuomba msamaha kwa watu. Chini yake, ndani ya barafu, Marziya alizunguka na kandambili zake kama mtu aliyezaliwa humo. Hakuanguka hata mara moja. Sughra alimwonea wivu na fahari kwa pamoja.

Walirudi Rexdale saa kumi na moja, jua likizama. Tanga ilikuwa saa saba ya usiku, na Marziya alikuwa ameshaoga, amevaa gauni la Idi. Naqiya alifungua pazia la mlango wa baraza, akawasha taa. Nje kulipoingia giza, mlango ukawa kioo, na Marziya akasimama ndani yake. Walimsogeza Khatijabai na kiti chake cha magurudumu mpaka magoti yakagusa mlango.

Mama alimtazama muda mrefu. "Umekonda," alisema. Akaweka kiganja kwenye kioo. Marziya akaweka chake upande wa pili. Mama akaona kitambaa.

"Sughra, mfungue mwenzio. Amefika."

Sughra alijaribu, vidole vikateleza kwenye kioo. Basi Mama akamwashiria Marziya ajifungue mwenyewe. Marziya alilishika fundo, akafikiri, akaliacha. Aligonga kioo mara mbili kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Kweli," Mama alisema. "Bado."

Aliacha kiganja pale mpaka kikafa ganzi, na Naqiya akamletea glovu.

Ikawa hivyo kila jioni. Naqiya alipiga picha, akaandika maombi ya nne. Akaeleza kwamba mwombaji ameshatembelea Toronto siku ishirini mfululizo, na asubuhi zote hizo alikuwa Tanga akiuza kachori, kwa hiyo hurudi kwao. Akaambatanisha picha ya kwenye sakafu ya mnara. Majibu yalikuja siku tatu kabla Sughra hajaondoka. Ofisi iliandika kwamba imeziona picha, ila haikuridhika kwamba mwombaji ataondoka nchini muda wake utakapokwisha.

Katika hilo ofisi haikukosea. Siku ya safari, Sughra aliingia chooni pale uwanja wa ndege ajitengeneze mtandio, akakuta kioo kitupu. Akampigia Naqiya. Naqiya akasema Fui yupo, amekaa kwenye mlango wa baraza, na Dadima, kama anavyomwita bibi yake Khatijabai, anamsimulia habari za majirani. Sughra akatengeneza mtandio kwa kupapasa.

Tanga, Marziya alimpokea getini. Tangu siku hiyo hupakana wanja wao kwa wao, maana nyumba ile haina kioo cha kumwonyesha yeyote kati yao. Lakini pale getini Sughra hakutazama uso wa dada yake kwanza. Alitazama mkono wa kulia. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa, kimeanza kupauka, na fundo lilikuwa lilelile alilolifunga yeye.