Betri ya Tela la Chanjo

"Kulia!" dereva alipaza sauti akiwa kwenye usukani.

"Inawaka," alijibu muuguzi aliyesimama nyuma ya tela.

"Kushoto!"

"Inawaka."

"Breki!"

"Zote zinawaka, shemeji. Mimi sijawahi kulalamikia taa."

Kweli, taa za tela zilikuwa nzima siku zote. Kilichokuwa kinakufa ni betri iliyofungwa chini ya benchi, ndani ya tela, yenye kazi moja tu ya kuendesha jokofu la chanjo. Gari likivuta tela kwenda vijijini, lilitakiwa liichaji betri hiyo njiani kupitia plagi ya nyuma. Halikuwa linaichaji. Walipofika vituo vya mbali walikuta taa ya jokofu imefifia kama jicho la mtu anayepigana na usingizi, na muuguzi akalazimika kuzitenga chanjo zilizopata joto, kisha atoke nje kuwaambia kina mama warudi walikotoka.

Dereva alikuwa mume wa dada yake mkubwa, kwa hiyo waligombana kwa adabu. Yeye alishabadilisha betri. Alishasugua pini za plagi kwa msasa mpaka zikang'aa kama vijiko vya wageni. Alishalipiga tela teke. Mwisho walimwita fundi wa umeme wa magari, mtu mwenye kitambi asiyependa kuinama, naye akainama.

Fundi aliwasha injini, akapima betri ya gari, akaridhika. Akaenda nyuma akapima pini ya chaji. Mita ilimwonyesha sifuri.

"Umeme unatoka nyumbani vizuri," alisema, "lakini kazini haufiki."

"Namjua mtu wa hivyo," muuguzi akasema.

Shemeji yake alijifanya anakagua matairi.

Fundi akafuata waya mnene kutoka kwenye fyuzi, akafunua zulia la gari kipande kwa kipande. Chini ya kiti cha nyuma waya ulikuwa umekatwa, na ncha yake imeunganishwa kwa ustadi na friji ndogo ya vinywaji iliyokaa katikati ya viti. Gari lilikuwa la shirika, ila kila mtu aliliita la mkurugenzi, na friji ile ilikuwa ya mkurugenzi bila ubishi wowote. Ndani yake mlikuwa na soda baridi sana na kopo moja la krimu ya uso.

"Ugonjwa ndio huu," fundi alisema. "Nirudishe waya kwenye tela, tunywe chai, tumalize."

Wakapanda ofisini kwa mkurugenzi kuomba ruhusa. Mkurugenzi aliwasikiliza vizuri. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Alihudhuria hata semina ya kusikiliza.

"Friji ile ni ya wageni," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Au nyinyi hamtaki kupona?"

"Tunataka, bosi," alisema dereva.

"Basi tafuteni suluhisho lisilogusa gari."

Walitoka na betri ile ile, siku ile ile, kwa sababu ratiba haisubiri betri. Barabara ilikuwa mbovu na mlango wa jokofu ulikuwa unafunguka kwenye mashimo, basi muuguzi akaingia kukaa ndani ya tela aushikilie. Penye shimo kubwa betri iliruka. Akaigandamiza kwa mikono miwili, kiganja kimoja kila upande, isianguke. Taa ya jokofu ikawaka barabara. Aliitazama, akatoa mikono, ikafifia. Akairudisha. Alikaa hivyo mpaka walipofika, akawa anawaza kama nyumbani alianua nguo.

Siku hiyo watoto wote walichanjwa. Hakuna mama aliyerudishwa. Muuguzi alishuka kwenye tela miguu ikiwa mizito, lakini moyo wake ulikuwa mwepesi, akacheka na kila mtoto aliyemlilia.

Waliporudi walimsimulia fundi, naye akamgusisha muuguzi waya za mita kwenye vidole gumba.

"Volti kumi na tatu na nusu," alisema. "Sijaona altaneta ya gari inayochaji kwa utulivu hivi." Kisha akakunja waya zake taratibu. "Tatizo lako ni moja, nesi. Wewe huna fyuzi."

"Maana yake nini?"

"Mzigo ukizidi, hakuna kitu cha kukatika kabla yako."

Mkurugenzi alipopewa habari alifurahi sana. Alimpa muuguzi mkono mbele ya wafanyakazi wote, akauachia haraka kwa sababu ulikuwa wa baridi, akasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Akaagiza muuguzi atafutiwe mto wa kukalia ndani ya tela. Mto ulikuja, mzuri, una maua.

Basi ikawa ndiyo kazi. Tela likienda, muuguzi yumo, viganja juu ya betri. Wenzake walizoea. Mpishi wa ofisi alimuuliza kama anaweza kumchajia simu, akamchajia.

Nyumbani mambo yalianza kwenda polepole. Chai ilipoa mkononi mwake kabla hajainywa. Alipozungumza, maneno ya mwisho yaliburuta kama redio yenye betri chakavu. Binti yake, aliyekuwa na mazoea ya kulala amemkumbatia mgongoni, akaanza kulala amegeukia ukutani. Alivuta shuka upande wake. Hilo ndilo lililomuuma muuguzi kuliko uchovu wote.

Dada yake alikuja Jumapili mchana, akamshika shavu, akamgeukia mumewe.

"Huyu mdogo wangu umemfanya betri?"

"Si mimi, mke wangu. Ni waya umekatwa."

"Kwani waya ndio uliokuja kuposa kwetu? Aliyewaahidi baba na mama kwamba familia hii ataitunza ni waya?"

Dereva akatazama sahani yake. Alikuwa mtu mwema, na wema wake wote ulikuwa wa kutazama sahani.

Muuguzi mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa fundi. "Rudisha waya," alimwambia. "Usimuulize mtu."

Fundi aliurudisha, kwa kunung'unika na kwa kitambi chake chote chini ya kiti. Safari iliyofuata muuguzi alikaa mbele, kando ya shemeji yake, akala karanga, akaimba. Nyuma jokofu lilinguruma lenyewe kama paka aliyeshiba. Walipofika, betri ilikuwa imejaa. Usiku ule binti yake alimrudia mgongoni.

Kesho yake mkurugenzi alifungua soda, akakuta ina uvuguvugu. Kamba hukatikia pabovu: kabla ya saa ya chakula fundi hakuwa tena fundi wa shirika. Alikuja mwingine, kijana wa haraka haraka, akaukata waya pale pale ulipokuwa umekatwa.

Muuguzi alipanda ofisini peke yake.

"Mimi sishiki tena," alisema. "Chagua, bosi. Waya urudi kwenye tela, au jokofu lizime."

Mkurugenzi alimsikiliza. Akainamisha kichwa, akaunganisha vidole.

"Mimi ni nani nichague?" alisema kwa upole. "Nenda wewe ukawaambie wale watoto."

Akashuka. Lakini safari iliyofuata alikaa mbele, mikono chini ya mapaja, na hakuimba. Shemeji yake aliendesha taratibu kupita kiasi, kama anayebeba mayai.

Walipofika, kina mama walikuwa wameshajaa kivulini mwa ukuta wa shule. Muuguzi akafungua tela. Taa ya jokofu ilikuwa inapepesa. Akawaeleza ukweli wote, hakuficha kitu: betri inakufa, waya uko kwa mkurugenzi, yeye mwenyewe amechoka, chanjo zitaharibika muda si mrefu. Aliomba radhi.

Kina mama wakatazamana. Mmoja, mwenye mapacha, aliyewahi kurudishwa huko nyuma, akasogea mbele.

"Ulikuwa unashika wapi?" aliuliza.

"Usishike, mama. Unanyonyesha."

"Nimekuuliza unashika wapi, dada."

Akaonyeshwa. Akaweka viganja juu ya betri, taa ikawaka. Alipoanza kutetemeka mwenzake akamsukuma kwa nyonga akachukua nafasi. Wakapokezana hivyo, wakiteta habari za wakwe na bei ya mahindi, watoto mgongoni. Kila mtoto alipata chanjo yake. Muuguzi alidunga sindano machozi yakimtoka, na hakuweza kusema kama ni ya furaha au ya aibu. Hakuwa na mkono wa kuyafutia. Jioni kina mama walikwenda zao polepole, wameshikana, kama watu waliotoka msibani.

Dereva ndiye aliyesimulia ofisini. Alisimulia kwa nia njema kabisa, akiwasifu kina mama wale, akidhani mkurugenzi ataona haya.

Mkurugenzi hakuona haya. Aliona mradi.

Safari iliyofuata alikwenda mwenyewe, amekaa kiti cha nyuma na wageni wawili waliotoka mbali kuja kutazama. Tela lilikuwa limechomelewa vishikio viwili vya chuma kwa nje, vimeunganishwa na betri na kupakwa rangi ya buluu, ili kina mama wasipande na matope ndani. Mkurugenzi aliwaeleza wageni kwamba zamani wananchi walikuwa wanasubiri kuletewa kila kitu, na sasa wanashiriki. Wageni walisema neno "kushiriki" mara nyingi, wakapiga picha vishikio, wakanywa soda. Mmoja aliuliza kwa nini gari lenyewe lisichaji betri. Mkurugenzi alimjibu kwamba hilo lilijaribiwa, lakini halikuwa endelevu.

Muuguzi hakufukuzwa. Alipewa kazi ya kupanga foleni. Rangi ilimrudia kidogo usoni, maneno yakaacha kuburuta, binti yake akamzoea tena. Alifikiria kuacha kazi, akafikiria nani atakuja badala yake, akaendelea. Alijiwekea utaratibu wake: aliyejifungua karibuni hashiki, mwenye midomo mikavu anakaa kwanza, anapewa maji, anayetetemeka anaondolewa hata kama amekataa. Yule mama wa mapacha alianza kuja na kiti chake.

Gari lilipopita katika vijiji vingine, watu walikuwa wameshapata habari, na hakuna aliyeuliza chochote. Walinyoosha mikono, wakajipanga.

Asubuhi moja alikuja msichana mwenye mtoto wa kwanza, amemfunika gubigubi, hata pua haionekani. Alisimama pembeni akivitazama vile vishikio viwili vya buluu na ule msururu wa wanawake.

"Samahani nesi. Foleni ya kutoa ni ipi, na ya kupokea ni ipi?"

"Ni hiyo hiyo moja, mama. Unatoa kwanza."

Msichana akajipanga. Zamu yake ilipofika alimhamishia mtoto mkono wa kushoto, akashika chuma kwa mkono wa kulia, akafumba macho kidogo, akafumbua. Akaangalia mkono mdogo uliokuwa umechomoza kwenye kanga, vidole vimekunjwa.

"Na huyu?" aliuliza. "Naye ashike?"

Muuguzi aliurudisha ule mkono ndani ya kanga, akaufunika vizuri.

"Bado," alisema, akamwita anayefuata.