Mukai Arudi Kwake

Katika vyumba vya kupanga vya Mlolongo, kitanda husitiriwa kwa patisheni: mbao nne nyembamba zilizoungwa kwa bawaba, zikasimama kwa kukunjwa zigizaga. Nthambi alizichora kwa ufundi wa kuhadaa macho. Mpangaji akikaa kwenye kochi lake aliona ukumbi mrefu wenye nguzo, mahali ambapo ndoo ilipita kwa shida.

Kampuni iliyokuwa ikijenga nyumba za kifahari upande wa Konza ikamwagiza patisheni moja kwa ajili ya ofisi yao, yenye picha ya barabara ya mitende inayoishia kwenye bwawa la kuogelea. Nthambi aliijua ardhi hiyo vizuri. Tingatinga la kampuni ndilo lililobomoa nyumba ya mama yake, Mukai, na uzio wa kampuni ukalimeza hata kaburi la baba. Sasa Mukai alilala nyuma ya patisheni ya bintiye, na kila asubuhi aliuliza kama leo wanarudi nyumbani.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Nthambi alikuwa ameshapisha mara moja, ikatosha. Badala ya mitende akachora nyumba ya mama yake, na veranda, na makinga maji ya shamba yakififia hadi kilimani, na msalaba wa baba chini ya mpapai. Mistari aliipiga mbao zikiwa zimekunjwa, kama kawaida yake. Ukizinyoosha, paa huvunjika.

Siku ya kuipeleka, Mukai alifuatana naye. Aliitazama akiwa kwenye kiti cha wateja, akachukua kiondo chake cha vyakula, akapanda veranda, akaingia. Muda si muda ofisi ikanukia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa.

Meneja, Kitheka, akaja akinyoosha tai. "Mama, hii ni ofisi. Hatuwezi kuwa na mtu anaishi kwa picha."

"Niko kwangu," Mukai alijibu akipepeta maharagwe. "Wewe ndiye hukupiga hodi."

"Lakini hiyo shamba ni ya kampuni."

"Kampuni imezika nani hapa?"

Kitheka akaamuru patisheni inyooshwe, ilazwe stoo. Wafanyakazi walipoinyoosha, paa likapasuka katikati.

"Nthambi," Mukai aliita kutoka ndani, "wananivunjia tena."

Nthambi hakungoja ruhusa ya mtu. Alizinyang'anya mbao mikononi mwao, akazikunja, akazisimamisha. Paa likarudi. Tangu hapo hakuna aliyeigusa. Wakili wa kampuni alibandika notisi ya kuhama kwenye mlango uliochorwa, na Mukai akaitumia kuwashia moto wa jikoni asubuhi iliyofuata.

Wateja wakija humsalimia, naye huitikia vizuri. Kisha wateja hugeuza viti, wakampa mgongo, na kutia sahihi mikataba. Kiwanja chenye kaburi kilinunuliwa Ijumaa, na mnunuzi akauliza kama mpapai ule huzaa.

"Unazaa," Mukai alimwambia, "lakini ni wangu."

Nthambi ameshaanza patisheni nyingine, ya nyumba ya jirani yao wa zamani, Wathome, iliyobomolewa pia. Wathome amekaa mbele yake na godoro lake, akingoja rangi ikauke.