Upande wa Kilima

Katsuva alishuka Kasenyi, kando ya ziwa, kwa jambo moja: kumrudisha mke wake Bunia. Magunia ya chumvi yaliyojaa lori yalikuwa kisingizio, maana hakuna tajiri ambaye angetoa mafuta yake, vita vikiwa vimepamba moto, kwa ajili ya mke wa dereva. Charlotte alikuwa amekwama ziwani tangu mapigano yalipofunga njia. Sasa alikuwa ameketi kando yake ndani ya kabini, nyuma ya mlango wa chuma, na Katsuva hakutaka kingine duniani ila abaki hapo mpaka nyumbani.

Juu ya magunia walijaa watu waliokimbia Tchomia: akina mama na masufuria yao, wazee, watoto waliofungwa migongoni. Alikuwepo pia Sébastien, konvuayeri wake, ambaye kazi yake tangu ujana ilikuwa kupanga mzigo na kuukaza. Madereva walimtania kwamba hata kitanda chake hukifunga kamba kabla hajalala.

Chini ya mlima, kwenye barieri iliyofunga barabara, wenye bunduki waliwafungulisha mzigo wote wakitafuta silaha. Silaha hawakuziona. Waliiona kamba, ya nailoni, nene, bado mpya, na wao walikuwa na ng'ombe wa wizi waliohitaji kufungwa.

"Bakubwa, mukichukua hii kamba, miye nitafunga muzigo na nini?" Sébastien aliuliza.

"Funga na maombi," mmoja akamjibu, na wenzake wakacheka.

Sébastien alifunga kwa vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye matairi mabovu. Alipomaliza alikuja dirishani akijifuta mikono.

"Mupira iko inavutika, Katsuva. Kwenye kona, pita kama mutu mwenye kubeba mayai."

Wakaanza kupanda. Kulia kilima kilisimama karibu kabisa na barabara, kimejaa majani marefu. Kushoto ardhi iliishia, na chini yake lilikuwa korongo. Siku chache kabla, gari jingine lilimiminiwa risasi kutoka kwenye majani yale yale. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, na hakuna aliyelisahau.

Katikati ya mlima Katsuva alihisi lori likimvuta kushoto. Akatazama kioo cha pembeni, akaelewa. Watu wote walikuwa wamejisogeza upande wa korongo, wamelala kifudifudi juu ya magunia ili kilima kisiwaone. Upande wa kilima ulikuwa mtupu. Chini ya uzito wao chumvi ilikuwa imeanza kutambaa, na mipira ya Sébastien ilikuwa imenyooka, inatetemeka.

Alisimama. Sébastien akaruka na gogo lake akalisukuma chini ya gurudumu la nyuma. Gurudumu la upande wa kilima lilikuwa linaigusa barabara kwa shida.

"Kaeni mupande ya kilima!" Katsuva alipaza sauti. "Gari inaanguka!"

"Kaa weye!" alijibu mzee Augustin, mvuvi mwenye ndevu nyeupe, bila kuinua kichwa. "Weye uko ndani ya chuma. Siye tuko na nini? Ngozi?"

"Basi shukeni, mutembee."

"Tutembee mbele ya bunduki na hawa batoto?" Huyo alikuwa mama Micheline, mmoja mgongoni, mwingine mapajani. "Shofere, uko na roho gani?"

Gunia moja likateleza kidogo, likasimama. Sébastien aliwatazama wote, kisha akapanda, akaketi peke yake upande wa kilima, miguu ikining'inia.

"Miye ni mukondefu," akasema. "Mutu mumoja mukondefu hawezi kushikilia hii chumvi yote."

Hakuna aliyesogea. Katsuva akasikia mlango wa kabini ukifunguliwa.

"Mama Orly, unaenda wapi?" alimwuliza mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Juu."

"Nilikuja kukutafuta weye. Hii safari yote ni kwa ajili yako."

"Najua, Papa Orly. Lakini muzee amesema kweli. Nikibaki humu ndani, hakuna atakayekusikia."

Katsuva alimshika mkono. Alitaka kuukaza mkono ule kama Sébastien anavyokaza mzigo. Akauachia.

Charlotte alipanda, akaketi kando ya Sébastien, akakitandaza vizuri kikwembe chake cha kitenge magotini kama aliye kanisani. Mzee Augustin akainua kichwa.

"Bibi ya shofere!" akanung'unika, na akaanza kutambaa kuelekea kwake. Mama Micheline akawakabidhi watoto wake kwa bibi mmoja aliyekuwa katikati, akamfuata. Kisha wengine. Lori likaguna, na gurudumu likakaa chini. Likaliacha gogo nyuma, likaendelea kupanda.

Risasi zilikuja kwenye kona ya mwisho. Kusimama pale hakukuwezekana. Lori lingerudi nyuma, na mzigo ungemalizia kazi yake. Katsuva aliendelea kukanyaga mafuta bila kutazama kioo. Aliombea jina moja tu, la mkewe, kisha akaona aibu, maana huko juu yalikuwepo majina mengi.

Alisimama walipofika juu, barabara ilipolala. Charlotte alikuwa hai. Kichwa cha Sébastien kilikuwa kimeegemea bega lake, na damu ilikuwa imelowesha kikwembe. Mzee Augustin alikuwa amemshika marehemu kiunoni kwa mikono miwili.

"Tumutelemushe," Katsuva alisema. "Tumulalishe katikati."

"Hapana," mzee akasema. "Muzigo bado iko imelala kule kwa korongo. Yeye ndo alikuja kwanza kukaa hapa. Tutafika naye hivi hivi."

Wakaingia Bunia hivyo, safu ya watu walioketi upande mmoja, Sébastien kati yao. Dereva mmoja aliyemfahamu alimwita kutoka barabarani: "Sébastien! Unalala kazini siku hizi?"

Mbele ya depo ya chumvi walimshusha Sébastien, akiwa wa mwisho. Mpagazi mmoja akaja na kisu ili akate mipira, chumvi ipate kushushwa.

"Usikate," Katsuva alisema.

Akapanda yeye mwenyewe, akaanza kuyafungua mafundo kwa vidole, moja baada ya jingine. Yalikuwa yamekazwa vizuri mno. Charlotte, bado katika kikwembe kile kile, alisimama upande wa pili akimshikia ncha.