Duara la Babu Idrisa

Mkoa ulikuwa mpya, bado unanuka rangi, na tayari ulikuwa na Kamati ya Maonyesho ya Vitabu Vitakatifu. Kamati yenyewe ilikuwa na mwenyekiti, meza na muhuri. Barua zikatawanywa hadi Endasak: Wakristo, Waislamu, na Wayahudi kama wapo Hanang, walete vitabu vyao vya kale vilivyonakshiwa. Mzee Gidabuday, mfugaji, alikuja kueleza kwamba dini ya wazee wake haina kitabu. Akashauriwa alete fotokopi.

Safina alikuwa nacho. Babu yake, Idrisa, alikuja Katesh kutoka Kondoa kufungua duka, akiwa na msahafu ulioandikwa kwa mkono, pambizo zake zimejaa maua ya dhahabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na duara kubwa lenye miali, katikati peupe. Babu alipaacha wazi makusudi. Atakayeufufua msahafu huu, alisema, ndiye ataandika jina lake hapo na kuwa mtunzaji wake. Seifu, kaka yake Safina, hakuwahi hata kuufuta vumbi, lakini alikuwa na hakika kwamba babu alimaanisha yeye, kwa kuwa ni mwanamume. Hoja nzito kweli.

Kwa miaka kumi na mmoja Safina ndiye aliyeinamia kurasa zile na kalamu ya tete, akirudishia ua moja moja lililofifia. Ua la mwisho alilimaliza Jumanne. Jina alipanga kuliandika Ijumaa. Kalamu na kichupa cha wino wa dhahabu uliobaki alitembea navyo kwenye mkoba, Seifu asije akamuwahi.

Maonyesho yakawa Alhamisi.

"Siku moja tu, mama," alisema mwenyekiti, Bwana Nicodemo. "Tutautunza kama mboni ya jicho."

Alasiri Safina alikwenda kuuchukua. Misale ya parokia ilikuwapo, herufi yake ya kwanza inang'aa. Meza ya Wayahudi ilikuwapo pia, na kitambaa chake na chupa ya maji, bado inawasubiri. Akaufungua msahafu. Katikati ya duara, kwa wino wa zambarau, palikuwa na muhuri: IMEPOKELEWA. Chini yake tarehe. Chini ya tarehe, Sahihi, na mstari wa nukta.

Alipitisha kidole juu ya muhuri. Ulikuwa umeshakauka.

"Umeona ulivyoenea?" Nicodemo alitabasamu. "Wazee wetu walikuwa na maono. Walituachia kabisa nafasi ya muhuri!"

"Mwenyekiti, nafasi hiyo ilikuwa yangu."

"Usijali, mama. Wala haujakamilika. Muhuri bila sahihi ni uchafu wa wino tu. Asaini mtunzaji wa kitabu, na atakayesaini ndiye tutakayemtambua."

Seifu, aliyekuja kutazama ya watu, akakohoa kidogo na kuanza kujipapasa mifukoni akitafuta peni. Mfuko wa kwanza ukatoa simu. Wa pili, chaja.

Safina alishaketi kwenye meza ya Wayahudi. Akafungua kichupa, akachovya tete kwa hasira. Nukta hazikumtosha. Jina lake lilipanda taratibu, dhahabu juu ya zambarau, hadi likaifunika IMEPOKELEWA yote.

Nicodemo akainama, akapuliza wino ukauke.

"Sasa kiko rasmi," alisema.

Safina aliukumbatia msahafu, akalia njia nzima hadi nyumbani. Seifu alimfuata nyuma, akiuliza kama hakuna mahali pengine pa kusaini.