Ngoja, Ngoja, Sasa

Tawi letu la benki linatazamana na tawi la benki nyingine, barabara tu katikati, na kwa miaka mitatu majirani zetu wameliweka dirishani kombe la mashindano ya kuvuta kamba, limegeuzwa kabisa upande wetu. Kila nikiinua macho kutoka dawati langu la mikopo, hilo hapo. Mimi ni mtu wa kinyongo, sifichi. Mwaka huu nilikuwa nalitaka lile kombe kuliko kupandishwa cheo.

Nahodha wetu ni karani wa dirisha la pili, kijana tuliyembandika jina la Nanga kwa sababu hushika mkia wa kamba na hajatokea wa kumng'oa. Amekulia shambani, kwa wazazi wenye ng'ombe wachache, na michezo imemwingia damuni. Alfajiri anakimbia, jioni yuko kwenye mpira wa wavu, Jumapili kwenye soka, na Jumatatu utamkuta dirishani na tai yake, anakaribisha wateja utadhani alilala siku mbili mfululizo. Baba yake tu ndiye hakuwahi kuvutiwa na hayo. "Mzee anasema nguvu ninazomwaga uwanjani zingelima shamba zima," Nanga alituambia, akijitahidi kucheka. "Hajawahi kuja kunitazama."

Mazoezini alituchosha roho. Sisi tulitaka kuvuta, yeye alitaka tungoje. Alitusimamisha kamba imekaza, magoti yanatetemeka, naye anasema kwa sauti ya chini, "Ngoja. Ngoja. Sasa." Ukivuta kabla ya "sasa", mnaanza upya. Meneja wetu, ambaye kitambi kimempa uzito lakini hakikumpa subira, alinung'unika kwamba hii ni timu ya kamba, si foleni ya wateja. Lakini siku ya mashindano tuliwang'oa watu wa bima, tukawang'oa watu wa posta, na fainali ikawa sisi na majirani, saa tisa alasiri.

Mchana simu ya Nanga ikalia. Alikuwa mama yake. Mtamba wao, anayezaa kwa mara ya kwanza, alikuwa akihangaika tangu asubuhi na ndama hatoki. Daktari wa mifugo alikuwa mbali, na baba alikuwa amevunjika mkono, umefungwa plasta. Nanga akatueleza huku anafunga kamba za viatu.

"Bibi yake huyo mtamba ndiye aliyenilipia ada, kwa maziwa yake," alisema. "Siwezi kumwacha."

"Kwenu ni nusu saa," meneja akasema, funguo za gari la tawi tayari mkononi. "Twendeni wote. Tunakwenda, tunarudi."

Nilipanda gari nimenuna. "Nanga, ukitukosesha lile kombe sitakusamehe," nilimwambia.

"Sawa, dada," alijibu, akili yake ikiwa imeshafika nyumbani.

Mtamba alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya zizi, anapumua kwa shida. Chini ya mkia zilichungulia kwato mbili, ndogo, laini, za manjano. Baba mtu alikaa kwenye kigoda karibu naye. Alitutazama sisi wanane, na fulana zetu za kijani za sare, akamgeukia mwanawe.

"Umeniletea harusi?"

"Ni wenzangu wa kazini, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kichwa kimekunjika nyuma. Nimejaribu kwa mkono huu mmoja, sikifikii."

Nanga akavua fulana, akanawa kwa sabuni hadi kwapani, akajilaza sakafuni na kuingiza mkono. Alifumba macho. Alipapasa kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba, shavu limelalia paja la ng'ombe. Mtamba alipokaza, alivumilia mkono ukibanwa. Alipolegea, akasogeza kidogo. Sisi tuliozoea kumwona na tai tulisimama kimya kama tuko ibadani. Hatimaye akasema, "Nimeipata pua," na baada ya muda pua ikatokea kweli, na ulimi uliovimba.

Akafunga kamba laini kwenye miguu ya ndama. Meneja akatemea mate viganja vyake. "Haya, tushike wote. Dakika moja tu."

"Mkivuta wote mtamuua," mzee alisema. "Watatu wanatosha. Na asivute mtu kabla sijasema."

Tukaishika kamba watatu, Nanga, meneja na mimi. Mzee akaweka kiganja chake kizima juu ya tumbo la mtamba, akainamisha kichwa.

"Ngoja," alisema kwa sauti ya chini. "Ngoja. Sasa."

Ilikuwa sauti ileile, na kituo kilekile kabla ya neno la mwisho. Nilimtazama Nanga, lakini yeye alitazama kamba. Tukavuta, tukaacha, tukangoja, tukavuta tena. Jasho lilimdondoka meneja na hakunung'unika. Mwenye kuvuta hasa alikuwa ng'ombe, sisi tulimfuata tu.

Mabega yakapita, na ndama mzima akateleza akatuangukia mapajani, wa moto, mzito, kimya. Nanga akamfuta pua, akamsugua mbavu kwa nyasi kavu. Hakutikisika. Akasugua tena. Nilijikuta nimemshika meneja wangu mkono. Kisha ndama akapiga chafya, akatikisa masikio yaliyolowa, na mama yake akageuza kichwa akaanza kumlamba. Mimi nimezaa watoto wawili, lakini nilikuwa upande wa maumivu, sikuona kitu. Sasa niliona, nikalia mbele ya wafanyakazi wenzangu bila aibu yoyote.

Mama akaleta maji ya kunawa. Saa tisa ilikuwa imeshapita na hakuna aliyeitaja.

"Mzee," nilisema, "hivyo ulivyosema ngoja, ngoja, sasa, ndivyo mwanao anavyotufundisha kuvuta kamba. Kwa sauti hiyohiyo. Ndivyo tulivyofika fainali."

Mzee alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa anasugua kucha zake na kujifanya hasikii.

"Hiyo fainali ni lini?"

"Ilikuwa leo," alisema meneja. "Saa hizi."

Mzee akazitazama fulana zetu, ambazo asubuhi zilikuwa za kijani. Akamtazama ndama, aliyesimama kwa miguu mitatu akiutafuta wa nne.

"Ya mwakani," akamwambia Nanga, "uniambie mapema. Nitafute mtu wa kunikamulia siku hiyo."