Picha Kubwa za Kofia Ndogo

Mjukuu wangu alinifungulia tovuti niwafundishe watu kufuma kofia za watoto njiti. Mimi nafuma, yeye anapiga picha. Nilimsihi, "Weka picha kubwa kabisa, mama. Wenye macho kama yangu nao waone kila kitanzi." Akaweka bila kubisha. Wageni wetu walikuwa wachache, hata salamu zao tulizizoea.

Asubuhi moja mkunga mwenye wafuasi wengi mtandaoni akawaelekeza watu kwetu. Chai yangu haijapoa, ukurasa ukawa mweupe.

"Bibi, tumezidiwa! Maelfu wanagonga kwa pamoja."

"Si uwafungulie?"

"Mlango umeziba. Na kilichouziba ni picha zako, kila moja nzito kama jiwe la kusagia."

Nilicheka, hadi akanisomea ujumbe uliokuwa kwenye simu yake. Ulitoka kwa mama mmoja aliyelazwa wodini. Mwanawe kazaliwa kabla ya wakati, wauguzi wanataka avae kofia, naye hana nyingine ila hiyo anayoifuma. Amefika pa kupunguza vitanzi, maelekezo yamemtoweka machoni. "Nifanyeje?"

Mjukuu akampigia fundi wa kampuni inayotutunzia tovuti, akaweka spika nami nisikie. Nilijikunja nikingoja kugombezwa.

"Bibi, usiwe na wasiwasi," fundi akasema. "Hakuna kilichopotea. Picha nazipunguza uzito mwenyewe, moja moja. Vitanzi vyako vitaonekana vyote."

Kazi hiyo haikuwa yake, lakini aliifanya.

"Basi huku nyuma nipigie huyo mama," nikamwambia mjukuu.

Mama yule akapokea. Nikachukua uzi wangu, tukafuma pamoja, kila mtu kwake.

"Fuma vinne, mwanangu. Sasa viwili viunganishe viwe kimoja. Umeunganisha?"

"Nimeunganisha, Bibi. Imepinda."

"Mtoto hatakusuta. Zunguka tena."

Tulizunguka hadi juu kukafungika. Nikasikia muuguzi akisema, "Lete, tumvalishe," kisha mama akaangua kilio, akasahau kukata simu.

Jioni tovuti ilikuwa imerudi hewani, wageni wanaingia na kutoka. Ndipo ikaja picha ya kichanga kalala, kofia imepindia sikioni. Chini mama ameandika, "Nimeituma kubwa, Bibi, upate kuona vizuri."

Simu ya mjukuu ikaganda palepale.

"Haya, na wewe umepata mfuasi!" akasema.

Tukaingoja ifunguke, kidogo kidogo, kuanzia kofia.