Ufunguo Ulioingia Kamati ya Harusi

Evaresta alipobonyeza kutuma, akili yake ilikuwa kwenye chai iliyokuwa ikipoa mezani. Kuja kuangalia vizuri, ufunguo haukwenda kwa Arnold. Ulikwenda kwa kamati nzima ya harusi ya Arnold.

Na nani Arusha hii hayumo kwenye kamati ya harusi ya mtu? Alikuwa ametafuta jina la Arnold kwenye simu, kundi la kamati likajitokeza la kwanza, naye akaligusa.

Haukuwa ufunguo wa chuma. Ulikuwa mkururo wa herufi na tarakimu unaofungua rejesta ya wagonjwa katika zahanati ya Sakina, ambako Evaresta alitunza kumbukumbu. Arnold, fundi wao wa kompyuta, alikuwa Dar akiihamishia rejesta kwenye mtambo mpya. Alikuwa amemtumia kufuli lake la kompyuta likiwa wazi: yeyote angeweza kulifunga, lakini kulifungua ni Arnold peke yake.

"Ufungie humo kwanza, dada, ndipo utume," alisisitiza. "Njiani kuna macho."

Je, aliufungia? Alikumbuka kunakili mara mbili, moja ukiwa mtupu, nyingine ukiwa umefungwa, na machoni pake maandishi yote mawili yalikuwa mchafukoge ule ule. Akaufuta ujumbe haraka. Lakini Hatibu, mshereheshaji aliyejaliwa kiherehere, alikuwa ameshaunakili na kuurudisha kundini: "Jamani, hii ni lugha ya wapi?"

Mwingine akajibu, "Amina."

Evaresta hakucheka. Mhazini wa kamati alikuwa Mama Elinaza, aliyekuja zahanati kila mwezi kuchukua dawa ambazo hata mumewe hakuzijua. Rejesta ikifunguliwa, jina lake lingeonekana. Evaresta akampigia Arnold.

"Nimeuona kundini," Arnold alisema. "Ngoja niujaribu kwa ufunguo wangu. Ukifunguka, ujue ulikuwa umefungwa. Usipofunguka..."

Evaresta akabaki ameshika simu sikioni, akiomba kimoyomoyo. Nje, Meru ilikuwa imejifunika mawingu.

"Umefunguka!" Arnold akapaza sauti. "Uliufunga, dada! Hao wengine wameona kufuli tu."

Evaresta akacheka, akalia, akainywa ile chai iliyopoa na kuiona tamu ajabu. Kabla hajaweka kikombe, simu ikaita. Alikuwa Mama Elinaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yale maandishi ya kundini..." Akashusha sauti. "Ni ya kule kazini kwenu?"

"Ndiyo, mama. Lakini yamefungwa. Hakuna aliyeyasoma, wala hakuna atakayeweza."

Mama Elinaza akashusha pumzi ndefu.

"Mungu ni mwema. Nipo hapa kwa fundi cherehani, nilimwambia asikikate kwanza kitambaa changu cha sare ya harusi, mpaka nijue kama nitaweza kuonekana huko." Akageukia pembeni, sauti yake ikasikika imechangamka: "Fundi, kata!"